Nyungu Mbili za Matope

Watu wengi wakisikia neno akiba, mawazo yao hukimbilia kwenye ghala la mtama au zizi la mbuzi. Hawakosei, ila wameona upande mmoja tu. Wahenga waliposema kuwa akiba haiozi, walimaanisha kwamba kitu kilichowekwa kwa busara hakipotei bure, hata kikikaa muda mrefu na hata kikichekwa. Siku ya haja itafika, nacho kitaitika. Mimi nathubutu kuongeza kwamba akiba iliyo bora mara nyingi haionekani kwa macho. Asiyesadiki na asikie habari ya Nyamizi, mfinyanzi wa Mtakuja, aliyekiokoa kijiji kizima kwa matope.

Ukitoka Kwihara ukafuata njia ya zamani ya misafara kuelekea magharibi, baada ya mwendo wa saa mbili kwa miguu utafika mahali ambapo ardhi imebonyea kama sinia. Hapo ndipo lilipo bwawa la Wapagazi. Liliitwa hivyo kwa sababu zamani wapagazi waliotoka pwani na wale waliotoka Ujiji walitua mizigo yao hapo, wakanywa maji, wakanunua mitungi kwa bibi yake Nyamizi. Halikuwa bwawa la kutisha. Masika yalilijaza na kiangazi kililikausha, hata ilipofika Septemba matope yake meusi yalikuwa yamepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, na ng'ombe walipita katikati bila kulowesha kwato.

Katika majani ya bwawa hilo viliishi visamaki. Kilichokuwa kikubwa kuliko vyote hakikuzidi kidole gumba. Mungu alikuwa amevivika nguo ya majani yenyewe: mgongo wa kijani kilichofifia, ubavuni mistari ya kahawia kama shina linaloanza kuoza, na mapezi membamba yaliyochanikachanika pembeni. Tena vilikuwa na tabia ya kusimama kichwa chini mkia juu, vikiyumba maji yakiyumba na kutulia maji yakitulia. Korongo aliweza kusimama karibu navyo asubuhi nzima, kisha akaondoka na njaa yake. Wanawake waliochota maji walivigundua wakiwa wamekwisha kufika nyumbani, pale jani moja ndani ya mtungi lilipoamua kuogelea. Hakuna aliyevila, maana hata paka angeona ni usumbufu. Vyenyewe vilikula viluwiluwi wa mbu kutwa kucha, na hakuna aliyevishukuru kwa kazi hiyo.

Jambo lililowashangaza watu ni hili: bwawa hukauka likawa uwanja, kisha mvua ikinyesha siku tatu tu, visamaki hivyo hapo. Vimetoka wapi? Wenyeji wote walikubaliana kwamba vinaanguka na mvua kutoka mawinguni. Walikuwa na uhakika kama walivyokuwa na uhakika kwamba jua huchomoza mashariki.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua vinginevyo, naye ni Nyamizi. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono iliyokwisha kuzoea udongo hata kucha zake zilikuwa na rangi ya mtungi. Kila kiangazi alibomoa matope makavu ya bwawani, akayatwanga kidogo, akayaloweka kwenye nyungu ili ayachanganye na udongo mwekundu. Mitungi yake ilipendwa mpaka Tabora mjini kwa sababu ya matope hayo. Bila hayo mtungi hupasuka motoni. Na mara nyingi, alipoyaloweka kwa maji ya mvua aliyoyaweka tangu masika, aliamka siku ya pili au ya tatu na kukuta vitu vidogo kama kope za mtoto vikikimbizana juu ya tope. Mvua haikuwa imenyesha ndani ya nyungu yake. Basi alielewa kwamba visamaki hutaga mayai ndani ya matope kabla bwawa halijakauka, nayo mayai hulala humo kama mbegu mpaka maji yarudi. Hakulifanya jambo hilo kuwa siri, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1974 watu waliletwa kutoka vitongoji vya mbali wakae pamoja kandokando ya bwawa. Kijiji kikaitwa Mtakuja, jina lililotolewa na waliotangulia kuwatania waliochelewa. Nyamizi hakuletwa, alikutwa. Nyumba yake ilikuwa pale pale, shimo lake la udongo lilikuwa pale pale, na kaburi la marehemu mumewe lilikuwa hatua thelathini kutoka kizingitini. Alipoona wengine wakilia kwa kuacha makaburi yao nyuma, alimshukuru Mungu moyoni na kuwapa maji ya kunywa.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Wenceslaus, mdogo wa marehemu mumewe. Sitaki msomaji amchukie bure. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, aliyeamka kabla ya jogoo na kutaka kijiji kizima kiamke naye. Dosari yake ilikuwa moja: jambo likiingia kichwani mwake lilifunga mlango nyuma yake. Na mwaka huo jambo lililoingia lilikuwa zahanati.

"Ndugu wananchi," alisema mkutanoni mwezi wa Septemba, "serikali inatupa mabati na mganga, sisi tutoe matofali elfu nane. Udongo mzuri kuliko wote uko bwawani, umekauka, unatungoja. Tukiuchimba wote tunapata zahanati, na bwawa nalo linapata kina. Na yale majani yake tung'oe mpaka mizizi, tupate maji safi kama ya watu waliostaarabika."

Makofi yalilia. Nyamizi akainuka.

"Mwenyekiti, jambo la zahanati ni jema. Lakini chimbeni upande mmoja, muache upande mmoja. Matope yale yana mayai ya visamaki. Mkiyachoma yote tanuruni, mmechoma mbegu."

Mzee Silasi, aliyekuwa na neno katika kila mkutano, hakungoja kupewa nafasi. "Mama, samaki atage kwenye udongo mkavu kama kuku? Visamaki huja na mvua. Mimi kimoja kiliniangukia kwenye kofia, mwaka waliporudi askari kutoka Burma."

"Kofia hiyo ulikuwa umeichotea maji, mzee Silasi," Nyamizi alijibu. "Nilikuwepo."

Watu walicheka, lakini walimcheka Silasi kwa kofia yake tu, si kwa imani yake, kwa kuwa wote waliamini kama yeye. Wenceslaus alitabasamu kwa heshima. "Shemeji, tumekusikia. Visamaki vikianguka tena masika tutavipokea. Wanaokubali tuchimbe bwawa zima wanyooshe mikono." Mikono ikanyooka kama mtama shambani. Nyamizi akaketi, maana hakuwa mtu wa kubishana. Akishasema jambo mara moja, aliyekataa amekataa.

Jioni ile ile alikwenda bwawani na jembe lake. Alichagua sehemu ya katikati ambako maji hukauka mwisho, akabandua mabonge ya matope bila kuyavunja, akajaza nyungu mbili kubwa. Alizifunga midomo kwa vitambaa, akazipandisha darini upande wa mbali na moto. Tekla, mke wa Wenceslaus, alimkuta akishuka ngazi na nguo imejaa vumbi.

"Dada, mwaka huu wenzako wanaficha mtama, wewe unaficha matope," Tekla alisema akicheka mpaka akaegemea ukuta. "Njaa ikija utayasongea ugali?"

"Akiba ni akiba, Tekla. Si lazima iliwe."

Neno hilo lilienea kijijini kabla jua halijatua. Kuanzia siku hiyo mtu aliyeonekana akiokota kitu kisicho na maana aliulizwa kama anapeleka darini kwa Nyamizi.

Kazi ilifanywa kwa nyimbo. Wanaume walichimba, wanawake walikanyaga tope, vijana walifyatua matofali, na tanuru ikawaka siku nne mfululizo. Zahanati ilisimama kabla ya Krismasi, kuta zake zikiwa nyeusi kidogo kwa ajili ya udongo ule, nzuri ya kupendeza. Wenceslaus alipita akizigonga kwa vifundo vya vidole kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake mgongoni.

Lakini masika ya mwaka huo hayakuwa masika. Mvua ilikuja mara tatu, ikakata. Bwawa lilipata maji ya kulowesha miguu tu, yakakauka kabla hayajazoeleka. Mtama uliungua shambani, na watu walikula mahindi ya njano ya msaada, wakiyalaumu kwa kila ugonjwa wa tumbo. Katika shida hiyo hakuna aliyekumbuka kuuliza visamaki viko wapi.

Shida ilimfika Nyamizi kwa namna yake. Udongo mweusi haukuwapo tena. Mitungi aliyoifinyanga kwa udongo mwekundu mtupu ilipasuka motoni, minane katika kumi, na mfinyanzi asiye na mitungi hana cha kubadilisha kwa unga. Mara mbili alipanda darini usiku wa njaa, akashusha nyungu moja, akafungua kitambaa. Matope hayo yangetosha mitungi thelathini, na mitungi thelathini ingemlisha miezi miwili. Mara ya pili alikwisha kuchukua hata mchi. Kisha alifunga kitambaa, akairudisha nyungu mahali pake, akalala na uji wa maji. Alilia, na hakuona haya kulia, maana hakuna aliyemwona.

Mwisho wa mwaka 1975 mvua ilirudi na deni lake lote. Ilinyesha wiki mbili bila kupumzika. Bwawa la Wapagazi, likiwa limechimbwa kina cha mtu mzima, lilijaa mpaka ukingoni. Halikuwa na jani hata moja. Maji yalikuwa meupe, yakionyesha mawingu na nyuso za waliochungulia, na Wenceslaus alisimama ukingoni akajiona yeye mwenyewe ndani yake, akafurahi. Mzee Silasi naye alisimama kila asubuhi akitazama juu akingoja visamaki. Alitazama mpaka shingo ikamuuma. Hakikuanguka hata kimoja.

Walioanguka ni mbu. Mwezi wa Desemba walikuwa wachache, mwezi wa Januari jioni ikawa kelele. Watu walifukiza vinyesi vya ng'ombe mpaka macho yakawa mekundu, na bado asubuhi waliamka na mapele. Homa ikaingia nyumba hadi nyumba. Zahanati ile mpya, iliyojengwa kwa matope ya bwawa, ikajaa watu walioumizwa na bwawa, wengine wakilala barazani kwa kukosa nafasi. Pelagia, binti wa Wenceslaus wa miaka mitatu, alipatwa na degedege saa sita mchana, akapelekwa Tabora hospitalini amefungwa mgongoni mwa Tekla juu ya baiskeli. Alirudi salama baada ya siku tisa, mwepesi kama unyoya. Tekla naye alirudi akiwa ameacha kucheka.

Ndipo alipokuja bwana afya kutoka mjini, Bwana Abasi, kijana wa mafundi cherehani wa Tabora, mwenye kanzu nyumbani na kaptura kazini, mtu wa utani lakini asiyetania kazi yake. Alibeba bakuli jeupe la kauri lenye mpini mrefu. Alilichovya pembeni mwa bwawa mara kumi, na kila mara aliwaonyesha watu: viluwiluwi wamejaa, wanajinyonganyonga kama herufi zilizopoteza ukurasa wao. Kisha aliwakusanya.

"Wazee wangu, mama zangu, sina maneno matamu. Mafuta ya kumwaga juu ya maji hayapatikani, na yakipatikana mtakunywa nini? Nitarudi baada ya wiki tano. Nikikuta hali ni hii, nitaandika bwawa lifukiwe, na kijiji kihamishiwe kwenye kisima cha bomba, maili tisa kutoka hapa. Wakubwa wamekwisha kukubali, wanangoja karatasi yangu."

Wengi wa waliomsikiliza walikuwa wamehamishwa mara moja, na jeraha la kwanza lilikuwa bado bichi. Nyamizi aliinuka polepole akaenda zake, hatua thelathini, akakaa kando ya kaburi la mumewe. Alipiga hesabu ya maili tisa na umri wa magoti yake. Akajua kwamba akihamishwa hatakuja tena kulifagia kaburi lile, na wazo hilo lilimchoma kuliko njaa ya mwaka uliopita.

Hapo ndipo Wenceslaus alipomfuata. Alivua kofia, akachuchumaa.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Nimekuja na aibu yangu mkononi. Siku ile ulisema nikakujibu kwa mikono ya watu. Nasikia... Tekla ananiambia zile nyungu bado zipo."

"Zipo."

"Basi tusaidie."

Nyamizi angeweza kumkumbusha vicheko. Angeweza kumwuliza kuhusu ugali wa matope. Nakiri mimi ningeuliza. Yeye alitikisa vumbi kwenye kanga. "Sikuziweka nizitazame," alisema. "Lakini jua jambo moja, shemeji. Matope haya hungoja kiangazi kimoja. Haya yamengoja viwili, na mwaka wa ukame katikati. Sijawahi kuona. Tutajaribu."

Nyungu ya kwanza ilishushwa mbele ya nusu ya kijiji. Kila mtu alikuwa na haraka, na haraka ya watu wengi ni kama mafuriko, humsomba hata mwenye akili zake. Wenceslaus alileta debe la maji baridi yaliyolala mtungini, akayamimina yote kwa mkupuo. Nyamizi alifungua mdomo kusema, akachelewa. Walingoja siku moja, mbili, tatu, tano. Tope lililala chini, maji juu, na hakuna kilichotikisika. Siku ya sita maji yakaanza kunuka.

"Hata mbegu ya mtama ikikaa sana huoza," alisema mzee Silasi, na safari hii hakusema kwa kejeli. Watu walirudi makwao. Tayari wengine walianza kufungua paa zao kutazama miti ipi inabebeka.

Usiku huo Nyamizi hakulaumu mtu. Alikaa akifikiri kama mfinyanzi. Udongo mkavu, ukiumwagia maji yote kwa pamoja, juu hulainika na ndani hubaki jiwe. Kila binti aliyefundishwa kazi hiyo amewahi kuchapwa kwa kosa hilo. Udongo hunyunyiziwa, huachwa, hunyunyiziwa tena, mpaka unywe mwenyewe. Na bwawa lenyewe, je? Mvua hailijazi kwa mkupuo. Kwanza manyunyu, kisha jua, kisha mvua, maji haba ya uvuguvugu juu ya tope. "Tulimnywesha mgonjwa debe zima," alijiambia, "halafu tunashangaa amekufa."

Asubuhi alimwita Tekla peke yake. Walitandaza matope ya nyungu ya pili ndani ya mitungi mitano mipana iliyokatika shingo, unene wa vidole viwili tu. Walinyunyiza maji ya mvua kwa viganja. Wakaacha yaanikwe na jua. Wakanyunyiza tena jioni. Siku ya tatu waliongeza maji ya kufika kifundo cha kidole, Tekla akiomba kimya kimya kwa midomo iliyotikisika. Siku ya nne, jua lilipopanda, Nyamizi aliinama juu ya mtungi wa kwanza, akakaa hivyo muda mrefu.

"Dada, unaona nini?" Tekla aliuliza kwa hofu.

"Njoo utazame. Usipumue sana."

Tekla alitazama, akaona tope. Akatazama tena, akaona tope. Mara chembe moja ya tope ilipiga mkia, ikaenda. Nyingine ikaifuata. Mtungi mzima ulikuwa hai. Tekla alikaa chini kwenye vumbi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mtoto wake augue, na machozi yakimtiririka shavuni. "Mayo," alisema, akimwita mama kwa Kinyamwezi, "na mimi nilikuambia usonge ugali."

Kazi haikuishia hapo. Nyamizi alimwambia Wenceslaus kwamba visamaki havina pa kujificha. Bwawa likiwa tupu vile, korongo na mdiria watavimaliza kwa siku moja. Majani lazima yarudi. Basi wale wale walioyang'oa kwa nyimbo walitembea maili nne mpaka kwenye mbuga, wakayang'oa huko na mizizi yake, wakayabeba vichwani yakiwachuruzikia maji machafu mabegani, wakayapanda kwa mikono ukingoni mwa bwawa. Wenceslaus alikuwa wa kwanza majini, tope mpaka kiunoni. Mtu alimtania, "Mwenyekiti, tumerudi kwa wasiostaarabika?" Alijibu, "Tumerudi kwa wazima," akaendelea kupanda.

Visamaki viliwekwa bwawani kila vilipofikia urefu wa punje ya mpunga. Viliingia katika majani, na hapo ndipo vilipotoweka. Watu walikuja asubuhi kuchungulia wasione kitu. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu, wanaona majani yanayumba tu. Wasiwasi ukarudi. Wengine walisema vimekufa, wengine vimeliwa. Nyamizi aliwasikia, akaendelea kufinyanga.

Wiki tano zilipotimia, Bwana Abasi alishuka kwenye baiskeli yake. Alitazama bwawa, uso ukamkunjamana.

"Shikamoo mama. Mwenyekiti, mwangaluka," alisalimia kwa Kinyamwezi. "Nisameheni, lakini mimi niliwaambia mpunguze mbu, ninyi mmelima bustani ndani ya maji. Majani haya si ndiyo makao yao?" Alikwisha kutoa kalamu.

"Marahaba mwanangu," Nyamizi alisema. "Kalamu haina miguu, haitakimbia. Chovya bakuli lako kwanza."

Abasi alichovya, akatazama. Akamwaga, akasogea, akachovya tena. Mara ya tano alivua miwani akaifuta kwa shati. Mara ya kumi alibaki ameshika mpini. Hapakuwa na kiluwiluwi hata mmoja. Bakuli la mwisho lilikuwa na maji safi na jani moja dogo lililochanika pembeni.

"Mmeweka dawa gani?" aliuliza.

"Unayo mkononi."

"Naona jani."

Nyamizi alimwashiria Tekla, naye akaleta kopo la maji ya mvua yaliyokusanywa nyuma ya nyumba, yaliyojaa viluwiluwi. Alimimina kidogo ndani ya bakuli jeupe. Watu wakasogea, wazee kwa watoto, mpaka Abasi akabanwa mabega. Viluwiluwi walijinyonganyonga kuelekea juu. Jani lilikuwa limetulia, kichwa chini. Kisha likageuka. Likafungua mdomo, kiluwiluwi mmoja akatoweka. Likasogea kidogo, wa pili akatoweka. Na ndani ya muda ambao mtu angesalimia jirani yake vizuri, bakuli likawa tupu na jani likarudi kusimama kichwa chini kana kwamba halikufanya lolote.

Bwana Abasi aliinua macho akatazama bwawa, majani yote yale yanayoyumba ukingo hadi ukingo. "Yapi ni majani?" aliuliza mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hata mimi sijui," Nyamizi alijibu. "Mbu ndio wanaojua."

Abasi aliirudisha kalamu mfukoni, kisha akaitoa tena, akaandika karatasi nyingine mbele yao akiisoma kwa sauti: bwawa la Wapagazi libaki, na kijiji cha Mtakuja kibaki. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliondoka mmoja mmoja kwenda kurudisha miti ya paa zao mahali pake. Nyamizi alikwenda hatua zake thelathini, akachukua ufagio, akalifagia kaburi la mumewe kutoka kichwani hadi miguuni, taratibu, kama mtu aliyepewa siku nyingi mbele yake.

Kiangazi kilichofuata bwawa lilikauka, na mzee Silasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na jembe. Alibandua mabonge ya katikati bila kuyavunja, akayabeba ndani ya kofia yake ileile kwa kuwa, alisema, kofia hiyo ina historia na visamaki. Wenceslaus alitenga rafu katika zahanati, chini ya dirisha lisilopigwa na jua, na juu yake zikapangwa nyungu kumi zilizofungwa midomo kwa vitambaa, zote kazi ya mikono ya Nyamizi. Mgeni akiuliza kama ni dawa, mganga hujibu kwamba ni matope. Na akicheka, wagonjwa barazani hawamcheki, humwachia kiti akae asikie. Kwani Mtakuja sasa wanalijua kwa nyama na damu lile ambalo wengine hulisoma tu vitabuni: akiba haiozi.